Kipimo Kitupu

Jumanne, tarehe kumi na moja Machi. Manyunyu tangu alfajiri, kisha jua la ghafla lililofanya lami ifuke mvuke, na upepo wa kuvuruga nywele hadi jioni.

Asubuhi hiyo Mpimaji aliingia kazini akiwa na furaha ambayo hakutaka mtu aione. Alijifuta matone mabegani, akamsalimia mlinzi wa getini, akapanda ngazi taratibu kama mtu mwenye maumivu ya goti. Goti lilikuwa zima. Alichokuwa akikificha ni miguu iliyotaka kukimbia.

Mpimaji halikuwa jina lake, ila lilikuwa limemganda kiasi kwamba hata huyo mlinzi alidhani ndilo alilopewa na wazazi. Kazi yake ilikuwa kuupima mfumo endeshi, ile programu kubwa iliyo chini ya programu zote, inayoamua nani aitumie kompyuta, kwa zamu gani na kwa muda gani. Kwenye kompyuta ya mezani ya karani uamuzi huo si mgumu. Lakini kampuni yao iliuza mfumo wake kwa wenye mashine kubwa, na mashine moja ya namna hiyo ilisimama kwenye chumba cha baridi mwisho wa korido, ikivuma kama mzinga wa nyuki. Ndani yake mlikuwa na vichakataji sitini na vinne. Kichakataji ndicho kinachofanya kazi yenyewe. Mtu aliyenunua vingi hutarajia kazi nyingi, na mara nyingi haipati, kwa sababu vikiwa vingi vinaanza kusubiriana na kukanyagana, kama watu wanaotaka kutoka kwa mlango mmoja wote kwa pamoja. Ukiongeza vingine, ndipo kazi inazidi kuzorota.

Mahali pale ugomvi unapoanzia, Mpimaji ndiye aliyepajua. Kwa kawaida aliwasha kichakataji kimoja, akaupa mfumo rundo la vijikazi, akaona vingapi vimekwisha. Halafu viwili, vinne, vinane, akipanda hivyo hivyo mpaka vyote. Mwisho alichora mstari. Mstari ukipanda umenyooka, mfumo ni mzima. Ukipinda, pale unapopinda ndipo penye ugonjwa. Alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka mingi, kwa uangalifu wa mtu anayechambua mchele, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumpigia makofi. Makofi hupigiwa aliyejenga. Aliyesema "nimeangalia, haijavunjika" huambiwa asante, basi, mlango ufungwe.

Mwaka huu kilichopimwa kilikuwa mgawaji mpya, yaani ile sehemu ya mfumo inayovigawia vichakataji kazi. Na aliyemwandika huyo mgawaji mpya alikuwa mdogo wake Mpimaji, wa tumbo moja.

Walimwita Kimulimuli tangu utotoni, kwa kuwa hakutulia mahali na kila alipokuwa watu walimtazama. Mpimaji ndiye aliyemleta kazini. Ndiye aliyemfundisha kusoma mistari ile, akamwonyesha choo kiko wapi na mkubwa gani ana hasira za karibu. Sasa wageni wakija, Mkuu wa kitengo alimwita Kimulimuli asimame mbele aeleze. Jarida la kampuni lilipotoka, picha ilikuwa ya Kimulimuli. Mama yao aliikata kwa mkasi akaibandika kwenye mlango wa friji, na kila Mpimaji alipofungua friji kuchukua maziwa, mdogo wake alimchekea kwa meno yote.

Alimpenda, hilo halina ubishi. Angempa figo. Lakini roho ilimuuma, na ilimuuma zaidi kwa kuwa Kimulimuli hakuwa na majivuno ya kumsaidia mtu amchukie kwa amani.

Basi wiki hiyo, Mpimaji alipoandaa programu yake ya kupimia, aliiongezea kitu. Kwa kawaida kila kichakataji kilijiwekea hesabu yake chenyewe ya vijikazi kilivyomaliza, na hesabu zote zilijumlishwa mwishoni. Safari hii alitaka kuona papo hapo. Aliweka hesabu moja ya pamoja, ionekane kwenye skrini ikikimbia, na kila kichakataji kikimaliza kijikazi kije kuongeza moja hapo. Alijiambia ni kwa urahisi wa kufuatilia. Ukweli ni kwamba alitaka kukaa kitini atazame kwa macho yake mgawaji wa Kimulimuli akiishiwa pumzi.

Na aliishiwa pumzi kweli. Jumatatu jioni mstari ulipanda vizuri hadi vichakataji kumi na sita, ukapinda, ukalala, kisha ukaanza kushuka. Mstari wa mgawaji wa zamani, aliokuwa nao tangu mwezi uliopita, ulikuwa juu yake kwa mbali. Ndiyo ile furaha aliyopanda nayo ngazi.

"Leo umeamka na nini?" aliuliza Mzee wa Nyaya, fundi aliyetunza chumba cha mashine, aliyevaa sweta mwaka mzima kwa sababu ya baridi ya humo. "Unatabasamu kama umeona jirani kakatiwa umeme."

"Mimi? Sitabasamu."

"Haya. Meno yametoka yenyewe kupunga upepo."

Mchana aliupeleka mstari kwa Mkuu, naye akamwita Kimulimuli. Mkuu alikuwa mtu mfupi mwenye tabia ya kupanga kalamu mezani kila anaposikia habari mbaya. Alizipanga zote.

"Mpimaji, una uhakika?"

"Ndivyo mashine ilivyosema."

"Dada amepima?" aliuliza Kimulimuli.

"Amepima."

"Basi imekwama." Kimulimuli aliutazama mstari, akaupitisha kidole pale ulipoanguka, taratibu, kama mtu anayepapasa jeraha la mtoto. "Dada akisema imekwama, imekwama. Ni wapi tu ndiyo sijui."

Mpimaji alikuwa amejiandaa kwa ubishi. Alikuwa na majibu tayari, makali, yamepangwa kama visu kwenye droo. Hakuombwa hata kimoja.

"Kesho saa sita mchana nafunga toleo jipya la mfumo," Mkuu alisema. "Mgawaji akiwa hivi, namtoa, narudisha wa zamani. Na huyu mpya sidhani kama atapata nafasi nyingine. Walio juu hawana subira. Pole, Kimulimuli."

Kwenye korido Kimulimuli alimshika dada yake mkono. "Umekula?"

"Nimekula."

"Mwongo. Midomo imekukauka. Twende, jioni ni zamu yetu kwa Mama, usije ukaanguka huko nikalaumiwa mimi."

Kila Jumanne walipita kwa mama yao kumpikia na kumwokea mkate wa wiki, kwa sababu mguu wake ulikuwa haumruhusu kusimama sana. Jikoni kwake palikuwa padogo, na yeye aliketi kwenye kiti katikati, hivi kwamba kila aliyetaka chumvi ilibidi amruke. Mpimaji alipewa vitunguu. Kimulimuli alipewa unga. Siku zote ilikuwa hivyo; Mama alisema mikono ya Kimulimuli ina bahati na unga.

"Mbona hamsemi?" Mama aliuliza. "Mmegombana?"

"Hatujagombana, Mama. Kazi yangu imeanguka kwenye kipimo," Kimulimuli alisema.

"Nani kaipima?"

"Dada."

Mama akamgeukia Mpimaji. "Na wewe umeshindwa kumsaidia mwenzako?"

"Mama, kupima siyo kusaidia. Ningekuwa nasaidia nisingekuwa napima."

"Mimi sijui mambo yenu. Ninachojua, huyu mdogo wako alikuwa hapati usingizi kwa ajili ya hicho kitu."

"Na mimi nilikuwa nalala?" Ilimtoka kabla hajaizuia. "Mimi nani aliwahi kuuliza kama nimelala?"

Mpimaji aliinamia kitunguu, akamshukuru Mungu kwamba ni kitunguu.

Kimulimuli alijitia hakusikia. Aliteremsha mizani ya jikoni kutoka kabatini, akaweka bakuli juu yake bila kitu ndani, akaangalia sindano, akaizungusha irudi kwenye sufuri.

"Unapima bakuli au unapima unga?" Mama alimtania. "Tutakula kesho?"

"Tupu kwanza, Mama. Usipopima chombo kitupu hujui unga ni uzito gani na bakuli ni uzito gani. Dada ndiye aliyenifundisha. Siku yangu ya kwanza kazini hakunifundisha kitu kingine. Nilikaa mchana kutwa napima programu isiyofanya chochote, nikadhani ananionea." Alicheka. "Mpaka leo siwezi kupika keki bila kusikia sauti yake. Tupu kwanza, wewe! Tupu kwanza!"

Kisu cha Mpimaji kilisimama.

Ilikuwa sheria yake mwenyewe, ya zamani kuliko Kimulimuli pale kazini. Kabla hujaupima mfumo, ipime programu ya kupimia: ipe vijikazi visivyo na kitu ndani, visivyouomba mfumo chochote, uone mstari. Hapo mstari sharti unyooke kama uzi, maana hakuna cha kugombania. Ukipinda, ujue kilichopinda ni kipimo chako. Hakuwa amewahi kuiruka sheria hiyo. Jumatatu aliiruka. Mstari ulipoanguka, ulianguka vile alivyotaka uanguke, na mtu aliyepata anachotaka haulizi maswali.

Akaiona sasa ile hesabu yake ya pamoja. Vichakataji sitini na vinne, kila kimoja kikimaliza kijikazi chake mbio mbio, kisha kikija kusimama foleni mahali pamoja ili kiandike moja. Mgawaji hakuwa ameishiwa pumzi. Alikuwa akigawa kazi kwa kasi, na wafanyakazi wake wote wamejazana mlangoni kwa Mpimaji wakisubiri kusaini.

Labda. Alijishikiza kwenye hiyo labda. Hakuwa na hakika mpaka apime. Huenda mgawaji alikuwa mbovu pia.

"Dada, vitunguu vinakuliza hivyo?"

"Ni vikali."

Walipotoka, giza lilikuwa linaanza kuingia na upepo umetulia. Waliongozana hadi kwenye njia panda, Kimulimuli akiwa amekumbatia mkate wake uliofungwa kwenye kitambaa.

"Nimeshafikiria," alisema. "Nitaitoa ile sehemu ya kuazimana. Lazima tatizo liko hapo."

Sehemu ya kuazimana ndiyo iliyokuwa moyo wa mgawaji mpya. Kichakataji kilichomaliza kazi zake hakikukaa kusubiri kupangiwa, kilikwenda kwa jirani aliyelemewa kikamchukulia baadhi. Kimulimuli aliibuni mwenyewe. Ni hiyo iliyompeleka kwenye jarida.

"Ukiitoa kinabaki nini?" Mpimaji aliuliza.

"Kinabaki kitu kama cha zamani, kimepakwa rangi. Lakini angalau kitapita. Au wewe unaonaje?"

Hapo palikuwa na nafasi pana ya maneno matatu tu: usitoe, subiri kwanza. Mpimaji aliyahisi kwenye ulimi. Akaona pia, waziwazi, ukumbi wa mikutano, Kimulimuli amesimama mbele, watu wanapiga makofi, na yeye nyuma karibu na birika la chai.

"Fanya unavyoona," alisema.

"Sawa, dada. Ulale salama."

Hakulala salama. Lakini hilo ni lake.

Asubuhi ya Jumatano mbingu zilikuwa nyeupe, hakuna mvua wala jua. Mpimaji alifika wakati wafagizi bado wana ndoo kwenye ngazi, akamkuta Mzee wa Nyaya anafungua chumba cha mashine.

"Leo meno yamerudi ndani," Mzee wa Nyaya alisema. "Jirani amerudishiwa umeme?"

"Mzee wangu, nifungulie tu."

"Nafungua. Usinipige."

Akaketi, akaanza na kipimo kitupu. Vijikazi visivyo na kitu, pamoja na ile hesabu yake ya kutazamia. Mstari ukapanda, ukafika kumi na sita, ukapinda, ukalala, ukaanza kushuka. Ulifanana na ule wa Jumatatu kama pacha. Akautazama muda mrefu. Kisha akaing'oa hesabu ya pamoja, akairudishia kila kichakataji hesabu yake, akapima tupu tena. Uzi. Umenyooka toka chini mpaka juu.

Alikuwa bado ana tumaini moja, na anayesimulia haoni sababu ya kulificha. Alimwendesha mgawaji wa Kimulimuli juu ya kipimo kilichopona, huku akiomba kimoyomoyo apinde hata kidogo. Si kuanguka. Kupinda tu, pale penye thelathini, ili mtu aweze kusema Jumatatu hakuwa amekosea sana.

Mstari ukapita thelathini bila kuuliza. Ukapita arobaini. Karibu na mwisho kabisa ukalegea kidogo, kama mtu anayepunguza mwendo mlimani, lakini ukaendelea kupanda hadi kichakataji cha mwisho. Mstari wa mgawaji wa zamani ulibaki chini huko. Katika miaka yake yote Mpimaji hakuwa ameona mstari mzuri hivyo. Na kwa kuwa kuona mistari ndiyo ilikuwa kazi ya maisha yake, uzuri ule ulimgusa kabla wivu haujawahi, kisha wivu ukafika nao, ukakaa mahali pake pa kila siku.

"Ni mzuri, shetani huyu," alisema kwa sauti.

"Nani?" Mzee wa Nyaya aliuliza kutoka nyuma ya kabati la nyaya.

"Mdogo wangu."

Kimulimuli aliingia saa moja baadaye, macho mekundu, nywele hazijachanwa. "Nimeitoa," alisema hata kabla ya salamu. "Imepona, nadhani. Imekuwa ya kawaida, ila imepona. Nipimie, dada, kabla Mkuu hajafika."

"Irudishe."

"Nini?"

"Ulichotoa, kirudishe. Kosa ni langu."

Akamsogezea skrini. Akamwonyesha mstari mtupu uliopinda, kisha mtupu ulionyooka, kisha ule wa mgawaji wake. Hakueleza sana, maana aliyemfundisha kusoma vile alikuwa yeye. Kimulimuli aliangalia, akaangalia tena, akavuta kiti akaketi polepole.

"Uliweka hesabu moja kwa vyote?"

"Ndiyo."

"Wewe? Ungeniua kama mimi ningeweka hivyo."

"Ningekuua."

"Ulikuwa unataka nini?"

Mpimaji alifikiri kusema ni uchovu. Uchovu ungekubalika, kila mtu pale alikuwa amechoka. "Nilitaka nione pale kinapokwama."

"Kwani ulishajua kitakwama?"

"Nilitumaini."

Mashine ilivuma. Nyuma ya kabati Mzee wa Nyaya aliacha kukwaruza alichokuwa anakwaruza.

Kimulimuli alikunja uso. "Na jana njia panda? Nilipokuambia natoa?"

"Nilikuwa nimeshaanza kushuku."

"Ukaniacha nikakeshe."

"Nikakuacha."

"Hiyo," Kimulimuli alisema, "hiyo sitakusamehe leo. Labda Ijumaa." Akasimama, akaenda mpaka mlangoni, akageuka. "Ulipokuwa unafanya mtihani wa udereva, niliomba uanguke. Nilikaa dirishani kwa Mama naomba kabisa, kwa jina lako. Ukarudi umepita, unapiga honi mtaa mzima, na mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kukukumbatia. Basi usidhani umeanza wewe."

Akaondoka kwenda kurudisha kazi yake.

Mpimaji alikwenda kwa Mkuu kabla ya saa sita, akasimama, kwa kuwa hakutaka kukaribishwa kiti. Alisema kipimo cha Jumatatu kilikuwa kibovu, kwamba aliyekiharibu ni yeye, na kwamba hakukipima kitupu. Mkuu alizipanga kalamu, akazipangua, akasema hakutegemea hilo kwake.

"Hata mimi," Mpimaji alijibu. "Kuna kulegea kidogo mwishoni, karibu na kichakataji cha sitini. Ni kweli, nimepima mara mbili. Arekebishe kwenye toleo lijalo."

"Huachi kutafuta kasoro."

"Ndiyo kazi."

Saa sita walikusanyika ukumbini, Mkuu akatangaza kwamba mgawaji mpya ameingia kwenye toleo. Makofi yakapigwa. Kimulimuli alisimama mbele, nywele bado hazijachanwa, akang'aa kama kawaida yake. Mpimaji alikuwa nyuma, karibu na birika la chai, palepale alipojiona jana. Roho ilimuuma palepale ilipozoea. Alipiga makofi, akachelewa kidogo kuanza na akachelewa kidogo kuacha, hata waliokuwa mbele yake wakageuka kumwangalia.

Hakungoja chai. Alirudi kwenye chumba cha baridi, akachukua sweta la ziada la Mzee wa Nyaya lililoning'inia mlangoni, akalivaa. Kulikuwa na sehemu nyingine ya mfumo ya kupimwa, ya mtu mwingine. Akaandaa vijikazi visivyo na kitu ndani, akawasha kichakataji cha kwanza, akasubiri.